Kubadili Maji ya Tangi la Samaki Bila Kulitoboa

Siku hizi watu wengi wanafuga samaki nyumbani. Si lazima uwe na bwawa kubwa. Wengine wanafuga perege au kambale katika tangi la saruji nyuma ya nyumba. Wengine wanatumia pipa la plastiki kukuzia vifaranga vya samaki kabla ya kuvipeleka bwawani. Mjini wako wanaofuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo sebuleni. Matangi haya yote yana shida moja: maji huchafuka, na yakichafuka samaki hufa.

Katika toleo hili tutaeleza jinsi ya kutengeneza chombo kinachobadili maji chenyewe, kidogo kidogo, usiku na mchana. Hakitumii umeme wala mashine, na tangi halitobolewi hata tundu moja. Vitu vinavyotakiwa ni mpira wa maji, dumu kuukuu na ndoo.

KWA NINI MAJI YABADILISHWE?

Samaki anakula, anapumua na anatoa uchafu humohumo ndani ya maji. Katika ziwa au mto uchafu wake hupotea katika maji mengi. Lakini ndani ya tangi hauna pa kwenda.

Uchafu wa hatari zaidi hauonekani kwa macho. Unaitwa amonia. Samaki huitoa hasa kwa kupitia mashavu yake, yale anayopumulia. Chakula kilichobaki chini na kuoza nacho huongeza amonia. Maji yanaweza kuonekana safi kabisa kumbe yana sumu. Wako vijidudu wadogo sana wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Lakini vijidudu hao hawawezi kazi yote kama tangi ni dogo na samaki ni wengi.

Basi dawa ni kupunguza maji ya zamani na kutia mapya. Hapo ndipo kazi ilipo. Mtu mwenye tangi la lita 200 akiambiwa abadili nusu ya maji, hiyo ni ndoo 5 za lita 20 za kutoa na ndoo 5 za kuingiza. Na tunajua nani huteka maji hayo: ni mama na binti. Kwa sababu ya uzito wa kazi, watu huahirisha. Leo inakuwa kesho, kesho inakuwa wiki ijayo. Siku wanapokumbuka, samaki wanatweta juu ya maji. Ndipo wanakimbilia kumwaga karibu maji yote na kutia mengine ya baridi kwa mara moja. Mabadiliko ya ghafla namna hiyo huwashtua samaki, na wengine hufa palepale.

Njia iliyo bora ni kubadili maji machache kila siku. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tazameni hesabu hii. Tangi lina lita 200. Kila siku tunatoa lita 20 na kutia lita 20 mpya. Maji ya zamani yanayobaki ni haya:

Siku ya 1: lita 180
Siku ya 2: lita 162
Siku ya 3: lita 146
Siku ya 4: lita 131
Siku ya 5: lita 118
Siku ya 6: lita 106
Siku ya 7: lita 96

Mnaona? Kwa ndoo moja tu kwa siku, baada ya wiki zaidi ya nusu ya maji yamekwisha badilika, na samaki hawakushtuka. Maji yakiingia kwa matone huku mengine yakitoka, maji mapya machache hutoka pamoja na ya zamani, kwa hiyo hesabu hupungua kidogo. Lakini bado ni karibu nusu kwa wiki.

KWA NINI TUSITOBOE?

Wengi watasema: "Si tutoboe tu tangi pembeni, maji yakizidi yatoke?" Kwa tangi jipya lililojengwa na bomba lake, ni sawa. Lakini kutoboa tangi lililokwisha tengenezwa si mchezo. Kioo hupasuka. Saruji ikichimbwa kwa patasi hupata nyufa na kuvuja. Pipa la plastiki likitobolewa vibaya, maji hupita pembeni mwa bomba kila siku. Tumeona kikundi kimoja kikigombana kwa sababu tangi la kuazima lilitobolewa na mwenyewe akalitaka kama alivyolitoa.

Tena tundu lililo chini lina hatari nyingine. Koki yake ikiharibika usiku, au mtoto akiifungua, tangi zima linakauka. Asubuhi mnakuta samaki wamelala juu ya saruji. Chombo tunachoeleza hapa hakiwezi kukausha tangi, kama kikitengenezwa sawasawa. Tutaonyesha sababu.

MAJI YANAPANDAJE UKINGO?

Bila shaka mmekwisha ona dereva akihamisha mafuta kutoka gari moja kwenda dumu kwa kutumia mpira. Mafuta hupanda mpira, huvuka, kisha hushuka yenyewe. Wataalamu huuita mpira unaofanya kazi hiyo sifoni. Sisi tutauita mpira wa kuhamisha.

Je, maji hupandaje mlima wakati tunajua kwamba maji hufuata mteremko? Hapa pana mambo mawili. La kwanza ni uzito. Ikiwa upande wa nje maji yako chini kuliko ndani ya tangi, maji ya upande huo yana uzito mkubwa zaidi, nayo huvuta kwenda chini. La pili ni hewa. Hewa iliyotuzunguka ina uzito, nayo hukandamiza uso wa maji ya tangi na kuyasukuma yapande ndani ya mpira. Mpira ukiwa umejaa maji bila hewa ndani, mambo hayo mawili hufanya kazi pamoja.

Jambo hili liliwasumbua hata wataalamu wa zamani. Mwaka 1630 mtu mmoja wa Italia, Baliani, alimwandikia mwanasayansi Galileo kwamba bomba la namna hii lililopitishwa juu ya kilima cha mita 21 hivi limekataa kufanya kazi. Mwaka 1644 Mwitalia mwingine, Torricelli, alieleza katika barua yake kwamba hewa ina uzito, na sisi tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Uzito huo unaweza kusukuma maji yapande kiasi cha mita 10 tu pwani, na hupungua kidogo katika nchi za juu. Sisi tunataka maji yavuke ukingo wa sentimita 20 au 30, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Sasa fikirini jambo jingine. Mafundi uashi wana mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Huutia maji ili kupima usawa wa msingi. Fundi mmoja hushika ncha huku na mwingine kule. Maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja, hata kama fundi mmoja yuko upande wa pili wa nyumba. Mpira wetu nao hufanya hivyo hivyo, ila umepinduliwa juu chini. Ncha moja ikiwa ndani ya maji ya tangi, na ncha ya pili ndani ya maji ya dumu lililo nje, maji ya vyombo viwili hujitafutia kimo kimoja. Tangi likipanda, dumu linapanda. Tangi likishuka, dumu linashuka. Ni kama mama na mtoto aliyefungwa mbeleko.

Basi tukikata pengo kwenye dumu, maji hayawezi kupita pengo hilo. Yakizidi tu, humwagika nje. Na kwa kuwa maji ya tangi na ya dumu yako kimo kimoja, tangi nalo haliwezi kuzidi kimo cha pengo. Maji mapya yasipoingia, maji husimama penye pengo na kutulia. Mpira hubaki umejaa, tayari kwa kazi, kwa sababu ncha zote mbili ziko ndani ya maji. Siri yote iko hapo.

VIFAA

1. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule wa mafundi uashi, vipande viwili vyenye urefu wa meta moja na nusu hivi kila kimoja.
2. Dumu la plastiki la lita 5, lililokuwa la mafuta ya kula au maji. Dumu lililokuwa na dawa ya mimea au mafuta ya taa lisitumike kamwe, hata likioshwa.
3. Matofali ya kuchoma au mawe bapa.
4. Ndoo ya lita 20. Ndoo yenye koki, ile ya kunawia mikono, ni bora zaidi.
5. Kamba, kisu na kalamu ya wino mzito.
6. Kipande cha wavu wa plastiki cha kuzuia vifaranga wasiingie mpirani.

Hapa tunatoa onyo kubwa. Msitumie kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa ile huua mbu, lakini kwa samaki ni sumu kali. Kipande kidogo tu ndani ya tangi kinaweza kumaliza kazi yenu yote.

KUTENGENEZA

Kwanza, jazeni tangi hadi kimo mnachokitaka. Acheni nafasi juu. Kupima kama nafasi inatosha, wekeni alama penye maji, kisha mwageni ndoo moja ya lita 20 zaidi. Kama tangi halikufurika, nafasi inatosha. Toeni ndoo hiyo na mrudi kwenye alama. Umuhimu wa nafasi hii tutaueleza.

Pili, kateni kichwa cha dumu ili lipate mdomo mpana. Lisimamisheni nje, karibu na tangi, juu ya matofali yaliyopangwa imara. Mdomo wa dumu uwe juu kidogo kuliko maji ya tangi, na kitako kiwe chini sana kuliko maji hayo. Tieni maji katika dumu hadi nusu.

Tatu, zamisheni mpira wote ndani ya tangi. Uzungusheni taratibu mpaka hewa yote itoke. Mtaona mapovu yakipanda. Yakiisha, zibeni ncha moja kwa kidole gumba, itoeni nje na kuiingiza ndani ya maji ya dumu hadi karibu na kitako. Achieni kidole. Msinyonye kwa mdomo. Maji ya samaki yana uchafu wa kuharisha. Na wale wanaonyonya petroli kwa mdomo waache kabisa, kwani petroli ikiingia mapafuni huua.

Nne, ngojeni. Maji yatatembea mpaka dumu na tangi viwe kimo kimoja. Maji ya tangi yakipungua kidogo, ongezeni mpaka yafike kwenye alama. Yakitulia, wekeni alama ya kalamu kwenye dumu, penye uso wa maji.

Tano, toeni dumu na mkate pengo la upana wa vidole vitatu kuanzia mdomoni hadi kwenye alama. Kateni pande mbili tu za wima, kisha kunjeni kipande hicho kwa nje kama ulimi. Ulimi huo utayatupa maji mbali na matofali. Rudisheni dumu mahali pale pale, ulimi ukielekea bustanini. Uwekeni mpira tena kama mwanzo, na wa pili ubavuni mwake. Mmoja ukipatwa na hewa, mwenzake utaendelea na kazi.

Sita, sikilizeni vizuri hapa. Ncha iliyo ndani ya tangi isishuke zaidi ya shibiri moja chini ya uso wa maji. Ifungeni kwa kamba ili isisogee, na mfunge wavu kwenye ncha hiyo. Kwa nini shibiri moja? Mbuzi akiangusha dumu, maji ya tangi yataanza kumwagika kwa kupitia mpira. Lakini yakishuka shibiri moja, ncha itapata hewa na mpira utaacha kuvuta. Samaki watabaki na maji yao. Kama ncha ingefika chini kabisa, tangi lote lingekauka. Shibiri hiyo ndiyo bima yenu.

MAJI YANAYOINGIA

Wekeni ndoo juu ya kibao au kigingi, juu kuliko tangi. Fungueni koki kidogo sana, maji yachuruzike ndani ya tangi. Kama hamna ndoo yenye koki, nunueni mpira mpya wa dripu kwenye duka la dawa. Kateni ile chupa yake ndogo na sindano, mbaki na mpira na kile kigurudumu cha kukazia. Ujazeni maji kwa kuuzamisha ndani ya ndoo, kazeni kigurudumu, kisha uning'inizeni juu ya tangi. Mpira wa dripu uliokwisha tumika hospitali usiguswe.

Tuwekeje kasi? Siku moja ina dakika 1,440. Tukitaka lita 20 kwa siku, tunagawa 1,440 kwa 20. Jibu ni dakika 72 kwa lita moja. Kwa hiyo kingeni chupa ya nusu lita chini ya mpira. Ikijaa kwa dakika 36, kasi ni sawa. Ikijaa mapema, kazeni. Ikichelewa, legezeni. Ndoo ikipungua maji, kasi nayo hupungua kidogo, na hilo halina neno.

Sasa mtaelewa ile nafasi tuliyoacha juu ya tangi. Mipira yote miwili ikiziba usiku, maji yatakayoingia ni ndoo moja tu, na tangi lina nafasi ya ndoo moja. Hakuna mafuriko wala samaki kuruka nje. Ndiyo maana hatushauri kuunga bomba la maji moja kwa moja kwenye tangi. Bomba halina mwisho, lakini ndoo ina mwisho.

Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaacheni wazi siku nzima au zaidi kabla ya kuyatumia, maana klorini huua samaki. Maji ya kisima kirefu mara nyingi yana hewa kidogo. Yamimineni kutoka ndoo hadi ndoo mara kadhaa, au yaacheni yadondoke tangini kutoka juu.

KUJARIBU NA KUTUNZA

Jaribuni kabla ya kutia samaki. Mwageni ndoo moja tangini. Dumu lifurike kupitia pengo, kisha litulie. Halafu litoeni dumu makusudi na kuiacha ncha ining'inie nje. Maji yashuke shibiri moja na kusimama. Mkishaona kwa macho yenu, mtalala usingizi.

Kila asubuhi fanyeni haya:

Tazameni mahali mpira unapovuka ukingo. Hewa hujikusanya pale juu kidogo kidogo. Povu likiwa refu kama kidole, jazeni mpira upya. Ufunikeni mpira usipigwe jua, kwa sababu ukijani ukiota ndani yake huleta mapovu.

Safisheni wavu, kisha jazeni ndoo.

Lifunikeni dumu kwa kitambaa, maana maji yake hayana samaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Na tangi lenyewe lifunikwe kwa wavu imara kama mna watoto wadogo.

Mara moja kwa wiki, tumieni mpira mwingine kunyonya uchafu uliolala chini ya tangi. Mpira wetu wa juu hauwezi kuufikia. Kazi hii isimamieni wenyewe mpaka mwisho, msiuache mpira peke yake.

Mjue pia kwamba chombo hiki si mganga wa kila ugonjwa. Samaki wakijazwa kupita kiasi au wakilishwa kupita kiasi, ndoo moja kwa siku haitatosha. Mkiwaona wanatweta juu ya maji alfajiri, hewa imepungua. Punguzeni chakula na idadi ya samaki, na mwongeze maji mapya.

Maji yanayotoka msiyapoteze. Yana mbolea. Chimbeni mfereji mdogo kutoka kwenye dumu hadi kwenye mchicha, nyanya au mgomba. Lita 20 kila siku wakati wa kiangazi ni mali. Ndoo moja anayoteka mama inafanya kazi mara mbili: inanusuru samaki, kisha inakuza mboga.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini ncha ya mpira iliyo ndani ya tangi isifike chini kabisa?
2. Tangi lenu lina lita 400. Mnataka kubadili lita 40 kwa siku. Chupa ya nusu lita ijae kwa dakika ngapi?
3. Kama dumu likiinuliwa kwa tofali moja zaidi, maji ya tangi yatapanda au yatashuka? Kwa nini?
4. Nani katika kaya zenu huteka maji ya samaki? Mnaweza kuigawanyaje kazi hiyo?

Jibu la swali la 2 ni dakika 18. Hayo mengine jibuni wenyewe huku mmesimama kando ya tangi. Mkilitengeneza, tuandikieni mtueleze limefanyaje kazi, ili na wenzenu wa vijiji vingine wajifunze.